Nyumba ya Kupitia

Saa mbili na robo asubuhi, Jumamosi, kitanda cha fundi cherehani kilikuwa nje, kimefunguliwa, mbao zake zimeegemezwa ukutani kwenye uchochoro wa nyuma. Mpima ardhi alikiona alipopita kumsalimia, kama alivyozoea kila alipokuja kumtazama mama yake. Kitanda cha kuanikwa juani hakifunguliwi bolti. Kwa hiyo hakuuliza kama fundi anahama. Aliuliza lini.

"Jumamosi ijayo," fundi alisema. Alikuwa amechuchumaa, spana mkononi. "Gari nimeshaagiza. Usininunie, dada. Nilitaka nikwambie wewe kwanza, nikakosa pa kuanzia."

"Mama anajua?"

"Mama ndiye aliyeniazima spana."

Kuhama kwa mpangaji si jambo la kumnyima mtu usingizi, ila hapa palikuwa na sharti. Mama yake mpima alikuwa na kisukari. Mwanzoni mwa mwaka sukari ilimshuka ghafla akaanguka jikoni, peke yake, mlango wa mbele ukiwa umefungwa kwa komeo la ndani. Aliyesikia ni fundi, kwa sababu ukuta wa chumba chake cha kushonea ndio huohuo ukuta wa jiko la mama. Alisikia kishindo, kisha sufuria ikiviringika, kisha kimya. Baada ya tukio hilo kaka yake mpima, mhasibu anayeishi ghorofa ya nne katika mji mwingine, alisema wazi: mama atabaki nyumbani kwake maadamu kuna mtu upande wa pili wa ukuta. Mtu huyo akiondoka, mama anahamia ghorofani. Mpima mwenyewe hangeweza kuwa mtu huyo. Kazi yake ni ya kulala porini wiki nzima na vigingi vya mipaka. Mama aliposikia sharti hilo alinyamaza, na aliowazaa na waliozaliwa naye walijua kwamba kunyamaza kwake si kukubali.

"Kodi imepanda?" mpima aliuliza.

"Haijapanda. Nyumba yenyewe haina neno, haivuji, maji yapo." Fundi aliiweka spana chini. "Dada, nakaa tangu asubuhi mpaka jua linazama nisione uso wa mtu, ila wa mteja aliyepotea. Wananipigia simu: fundi, niko getini, mbona watu wananionyesha ukuta? Nimeanza kuongea na cherehani. Juzi nimeiomba radhi."

"Kwa kosa gani?"

"Nilikata uzi bila kuiaga."

Walicheka wote wawili, lakini fundi alirudi kwenye bolti zake.

Ili jambo hili lieleweke, ni lazima ieleweke namna nyumba zilivyokaa. Palikuwa na ua mmoja mpana wenye bomba la maji katikati na kamba za kuanikia nguo, na nyumba zilizouzunguka zote zilifungua milango kuutazama. Mtu akitoka kwake, ameonekana. Akikawia kutoka, ameulizwa. Nyumba moja tu, iliyoshikana na ya mama, iliuonyesha ua ukuta mtupu uliopigwa plasta, bila mlango wala dirisha. Watu waliiita Kisogo. Mlango wake ulikuwa nyuma, kwenye uchochoro, ukitazamana na ukuta wa ghala. Kutoka mlango huo kufika uani, mtu hutembea uchochoro wote hadi barabarani, huzunguka duka la vifaa vya ujenzi, ndipo huingia getini. Siku mama alipoanguka, fundi alizunguka mbio njia hiyo yote, viatu mkononi, akakuta komeo. Jirani wa mbele ndiye aliyeupiga mlango teke.

Mpima hakuondoka asubuhi ile. Alikaa bombani na kuwauliza watu nani aliwahi kupanga Kisogo. Waliwakumbuka muuguzi, dereva, maharusi wapya, fundi saa. Hakuna aliyemaliza mwaka. Sababu zilikuwa nyingi. Mmoja alisema nyumba ina mkosi. Mwingine alisema aliyeijenga alizika kitu chini ya kizingiti. Mzee wa nyumba ya pembeni alisema maharusi waliondoka kwa sababu ya paka, ingawa hakuweza kueleza paka huyo alifanya nini.

"Na ninyi mmekaa muda gani?" mpima aliwauliza.

"Sisi?" alijibu mama mmoja aliyekuwa akikamua shuka. "Mume wangu hutangaza kuhama kila mwaka. Hutangaza, kisha hutoka hapo nje kuaga, wanampa kiti, hadithi inaanza, mwaka unapita."

Mpima hakuyadharau maelezo ya mkosi, ila aliyaweka kando, kwa kuwa yalihitaji kuaminiwa na yeye alitafuta la kupimika. Kisogo ilikuwa na matofali yaleyale, bati lilelile, bomba lilelile, vyumba sawa na vya mama na kodi sawa na ya jirani. Tofauti iliyobaki ilikuwa moja. Ilikuwa mlango.

Kwa nini mlango ule ulikuwa upande usio wake, wote walijua. Baba yake mpima na mdogo wake walijenga nyumba hizo mbili pamoja, ukuta wa katikati wakichangia. Ujenzi ulipofika usawa wa linta, ule mkanda wa zege juu ya milango, baba yao alifariki, na mdogo alikuwa kazini mbali. Baba yake mpima hakumsubiri, akazika. Mdogo alipofika, kaburi lilikuwa limeshafukiwa. Juma hilohilo aliziba kwa matofali nafasi ya mlango iliyotazama uani, akatoboa mwingine nyuma, na akaapa kwamba mlango wake hautafunguka mbele ya kaka yake. Baba yake mpima alifariki miaka mingi baadaye bila wao kupatana. Mdogo alihamia ng'ambo ya reli, akafungua karakana ya useremala, akapangisha nyumba. Mlango ulibaki ulipo.

Jumapili mpima alimfuata karakanani na mchoro. Alikuwa amechora Kisogo ikiwa na mlango uani, pale palipozibwa.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba. Hiyo karatasi ya nini?"

Aliikunjua juu ya meza ya randa na kueleza: wapangaji wasiodumu, nyumba inayokaa tupu, kupaka rangi upya kila mara. Alieleza vizuri, kwa utaratibu, na kila alichosema kilikuwa kweli. Baba mdogo alisikiliza huku akipuliza vumbi la mbao kutoka kwenye patasi.

"Kwa hiyo umeipima nyumba yangu."

"Kwa nje tu."

"Kwa nje. Hata mwizi hupima kwa nje." Alimrudishia mchoro ukiwa umekunjwa kwa mistari yake ileile. "Mlango ule hauna kosa. Kosa lina mwenyewe, na mwenyewe yuko kaburini. Kunywa maji, mwanangu, kabla jua halijawa kali."

Mama alikuwa akimenya vitunguu mpima aliporudi.

"Ulimpelekea ramani?"

"Ndiyo."

"Mtu aliyekasirika miaka yote hiyo hapelekewi ramani. Umempa kitu cha kukikataa, akakikataa. Akalala vizuri."

"Basi tufanyeje? Fundi anaondoka Jumamosi. Nimeshamwambia kaka, naye anakuja Jumapili na gari."

Mama aliunyoosha mkono wenye kisu kuelekea ukuta wa nyuma wa jiko, mahali penye rafu ya vyombo. "Mlango wake hauji kwetu. Wetu utakwenda kwake."

Mpima aliitoa rafu, akagonga ukuta kwa kifundo cha kidole toka chini hadi juu, akatoka nje, akazunguka, akaugonga kwa upande wa pili. Ilikuwa kazi inayowezekana. Linta ilipita juu kwa urefu wa kutosha, na mlango ungetokea uchochoroni hatua chache tu kutoka kwenye mlango wa fundi. Alirudi kwa njia ndefu ileile akiwa na pingamizi.

"Itakusaidia wewe, mama. Fundi atakufikia upesi. Lakini yeye haondoki kwa ajili yako. Anaondoka kwa kukosa watu, na mlango huu haumpi watu."

"Utampa. Watapita humu."

"Humu wapi?"

"Mlango wa mbele, sebuleni, jikoni, nje. Anayemtaka fundi aingie uani kama watu, apige hodi kwangu, apite."

"Wateja wa fundi wapite sebuleni kwako?"

"Na viatu wavue."

"Na faragha yako?"

"Faragha?" Mama alifuta macho kwa nyuma ya mkono, kwa sababu ya kitunguu. "Faragha ndiyo iliyonilaza hapa sakafuni. Naijua vizuri. Nililala nikitazama chini ya kabati, nikakiona kijiko nilichokitafuta mwaka mzima, na sikuwa na nguvu ya kukichukua. Mimi nataka kupitiwa. Mtafute mwashi."

Mpima aliomba ruhusa kazini kwa wiki hiyo, na Jumatatu mwashi alikuja. Alikuwa mtu wa maneno machache na nyundo nzito. Alichora mstari kwa penseli, akabandua plasta ya ndani, akaanza kung'oa matofali ya tabaka la kwanza. Kabla ya adhuhuri alifikia tabaka la nje, akasimama.

"Huko nje ni kwa nani?"

Mpima alijua jibu tangu Jumapili na alikuwa amemwambia mama. Mpaka ulipita kwenye uso wa nje wa ukuta ule. Uchochoro wote, hadi ukuta wa ghala, ulikuwa kiwanja cha baba mdogo. Kufungua mlango bila ruhusa yake ni kumfungulia mtu mlango kwenye ardhi yake.

Mwashi aliilaza nyundo sakafuni. "Mimi navunja ukuta wa mwenye nyumba. Ugomvi wa ndugu una fundi wake mwingine. Nikae ninywe chai?"

"Kunywa," mama alisema. "Niletee simu."

Alipiga mwenyewe. "Shemeji, ni mimi. Ukuta wangu wa jikoni una tundu. Njoo ulione kabla hujasimuliwa na watu." Kisha akakata, na simu ilipoita akaiacha iite.

Alasiri baba mdogo alifika kwa miguu, penseli ya useremala sikioni. Alipita getini na kuingia kwa mlango wa mbele wa mama. Waliokuwa bombani waliacha ndoo zikifurika. Hakuna kati yao aliyewahi kumwona akipita pale tangu siku ya kaburi. Hata kaka yake alipofariki, alisimama nje ya geti.

Alilitazama tundu kwa muda.

"Unabomoa nyumba ya marehemu."

"Marehemu haishi humu. Ninaishi mimi."

"Shemeji, nilitamka neno mbele ya watu. Mlango hautafunguka baina yetu."

"Ulitamka juu ya wako. Wako uache ulipo."

"Alimzika baba bila mimi."

"Alimzika bila wewe," mama alisema. "Alikosea."

Mwashi aliweka kikombe chini polepole. Mpima aligundua kwamba hajawahi kusikia sentensi hiyo katika nyumba ile, wala kwa baba yake wala kwa mtu mwingine. 

"Siku ile nilikuwa kwenye moto," mama aliendelea, "na masufuria, na watu wa kulisha. Hakuna aliyeniuliza saa ya maziko. Lakini la mume wangu silitetei, na siwezi kulifukua. Ninachokuomba ni njia. Kutoka jikoni kwangu hadi kwa mpangaji wako. Ukikataa, mwashi atarudisha matofali leo hii, na sitakulaumu. Jumapili mwanangu atanichukua. Utakuwa na nyumba ya wapita njia, na kando yake nyingine ya wapita njia. Basi."

Baba mdogo alitoka. Mpima alidhani ameondoka. Baadaye kidogo ukuta uligongwa kutoka nje, mara kadhaa, chini na juu. Alikuwa amezunguka hadi uchochoroni. Walimsikia akisalimiana na fundi, kisha akauliza swali, kisha fundi akajibu kwa maneno mengi. Hawakusikia maneno. Aliporudi alikuwa na vumbi la chokaa kwenye vidole.

"Mlango huu umeuchora ufungukie wapi?" alimuuliza mpima.

"Nje. Jiko ni dogo."

"Uchochoro ni mwembamba. Ukifungukia nje utampiga usoni anayepita. Ufungukie ndani, na hiyo meza isogezwe."

Mpima alichukua futi, akapima uchochoro, akapima meza. "Ni kweli," alisema.

"Na hiyo fremu mmenunua wapi?" Aliipitishia kidole gumba fremu ya mlango iliyoegemezwa kando. "Mbao mbichi. Mvua moja tu, inapinda kama upinde. Irudisheni." Alitoa penseli sikioni na kuandika vipimo ukutani, juu ya mstari wa mwashi. Alipofika mlangoni aligeuka. "Mlango wangu sigeuzi."

"Hakuna aliyekuomba," mama alisema. "Aliyekuomba ni huyu, na nimeshamkemea."

Mwashi alichukua nyundo.

Alhamisi mlango ulifungwa bawaba. Baba mdogo aliuleta mwenyewe kwa mkokoteni, akaupima kwa pimamaji, akauranda ukingo mmoja mpaka ukafunga bila kusuguana. Fundi cherehani alisimama upande wake wa uchochoro akitazama, mikono imefumbatwa.

"Mlango mzuri, dada," alimwambia mpima. "Lakini mlango si mteja. Na gari linakuja Jumamosi."

"Najua. Sikuombi ubaki. Nakuomba usogeze cherehani hapo mlangoni kwako, leo na kesho. Basi."

"Kwa nini?"

"Mwanga ni mzuri zaidi hapo."

Hilo lilikuwa kweli, na fundi aliisogeza.

Mpima aliwaambia watu wa uani kwamba njia ya kwenda kwa fundi sasa ni ndani kwa mama. Wa kwanza kuja alikuwa yule mama wa shuka, na zipu ya sketi iliyoharibika tangu mwaka jana. Alipiga hodi, akavua viatu, akapita sebuleni akitazama kila kitu, akatokea jikoni, akatokea nje. Aliporudi uani alitoa taarifa kamili. Baada yake walikuja wengine, baadhi na nguo, baadhi na udadisi tu. Mzee wa paka alikuja na kofia ambayo haikuwa na kasoro yoyote. Fundi aliigeuza, akaipiga mshono mmoja pembeni ili asiaibike.

Ijumaa mchana mama aliweka kigoda kwenye kizingiti kipya na kuchambua mchele hapo. Fundi alikuwa akishona upande wa pili. Mpima, aliyekuwa akipaka saruji mahali palipobaki wazi, aliwasikia.

"Mwanangu, huyo uliyemshonea sare anakulipa vizuri?"

"Analipa kwa ahadi, mama."

"Ahadi hazina mfuko. Mwambie apite kwangu akija kuichukua."

"Utamfanyaje?"

"Nitamkaribisha akae. Akae mpaka achoke."

Fundi alicheka mpaka akasimamisha mguu kwenye kanyagio.

Jumamosi asubuhi gari liliingia kinyumenyume kwenye mdomo wa uchochoro. Dereva alishuka na kuwauliza vitu viko wapi. Kitanda kilikuwa nje bado, sehemu zake zikiwa zimefungwa kamba. Fundi alitazama kitanda, akamtazama mama aliyekuwa amesimama kwenye mlango wake mpya, akamtazama mpima.

"Sisemi nakaa," alisema. "Nasema sihami leo."

"Dada," dereva alisema, "mimi nimekuja leo."

"Ndiyo maana nakwambia leo."

Dereva aliondoka akilalamika, kwa haki. Fundi alimwambia mpima kwamba atajaribu hadi mwisho wa mwaka. Watu wakiacha kupita, ataondoka, na asilaumiwe. Mpima alikubali. Hakuna kipimo cha siku chache kinachothibitisha jambo la miaka, na hakutaka kumpa fundi, wala kaka yake, ahadi ambayo hajaipima.

Kaka alifika Jumapili saa saba, buti ya gari ikiwa tupu kwa ajili ya mizigo. Alimwamkia mama, akaketi sebuleni, na kabla hajaanza alilokuja nalo mwanamke mwenye kitambaa begani alipiga hodi mlangoni.

"Pita," mama aliitikia.

Mwanamke alivua viatu, akamsalimu kaka, akapita, akatoweka jikoni. Kaka alimsindikiza kwa macho.

"Mama, huyu ni nani?"

"Simjui. Ana kitambaa."

Akaja mwingine. Kisha yule wa kwanza akarudi, akaaga, akamuuliza mama kama amekula. Mama alisema amekula. Mwanamke alisema haoni sahani. Mama alimwonyesha sahani.

"Na wezi?" kaka alimuuliza dada yake kwa sauti ya chini.

"Usiku milango yote miwili inafungwa. Mchana, mwizi atasimama wapi?"

Kaka alikwenda jikoni, akaufungua na kuufunga mlango mpya, akachungulia uchochoroni. Fundi alikuwa amepinda mgongo juu ya mashine.

"Shemeji," kaka alimwita, kwa utani wa watu wasiofahamiana sana, "mama akianguka, utamfikia kwa muda gani?"

Fundi aliiweka nguo kando. Aliinua mguu kwenye kanyagio, akasimama, akavuka. Alikuwa ameshasimama ndani ya jiko, kando ya kabati, kaka akiwa bado amekishika kitasa.

"Na ukihama?" kaka aliuliza.

"Nikihama nitamwambia yeye kwanza. Kama safari hii."

Kaka alirudi sebuleni. Alizungumza na dada yake kwa muda mrefu. Aliuliza itakuwaje mpangaji mwingine akija, naye akajibiwa kwamba haijulikani, ila mlango utakuwa palepale na watu watakuwa wamezoea kupita. Alitaka mama ampigie simu kila jioni. Mama alisema atapiga akipata nafasi, kwani siku hizi ana wageni. Alikula, akanawa, akaangalia saa.

Saa kumi na robo alasiri gari lilitoka getini. Ndani alikuwemo yeye peke yake.